Kapsuli za antioksidanti zinazouzwa Lubumbashi: tathmini ya mtumiaji

Kapsuli ninazozijadili hapa, zenye antioksidanti, yaani vitamini na viambato vinavyosemwa kuzilinda seli zisiharibike, zinapatikana Lubumbashi katika farmasi kadhaa za katikati ya mji, na zaidi sana mikononi mwa mawakala wanaozipitisha nyumba kwa nyumba, maofisini na kwenye vikundi vya mazoezi, kwa bei ya dola 28 hivi kwa chupa ya kapsuli 60. Sitaandika jina la kampuni, kwa sababu nimelinganisha lebo za chupa zenye majina mbalimbali na kukuta michanganyiko inayokaribiana mno. Ninayoyasema yanahusu aina nzima ya bidhaa hii. Nilizitumia kwa miezi kadhaa, kapsuli mbili kwa siku kama maelekezo yanavyotaka, huku nikiendelea na mazoezi yangu ya asubuhi, ambayo ni kutembea kwa kasi na kukimbia kidogo kwenye barabara ya Kasapa. Mimi ni mwanamke niliyevuka miaka 50, ninafundisha sekondari, sina ugonjwa wa kudumu na sivuti sigara. Hayo nayataja mapema kwa sababu hali ya mtumiaji ndiyo inayoamua kama kapsuli hizi ni matumizi mabaya ya fedha tu au ni hatari kweli.

Chupa yenyewe imetengenezwa kwa uangalifu. Ni ya plastiki nyeupe isiyopitisha mwanga, mdomo wake umefunikwa kwa utando wa alumini uliobana vizuri, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi zimechapwa kwenye plastiki yenyewe wala si kwenye karatasi inayoweza kubanduliwa, na ndani kuna kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, jambo lenye maana katika msimu wetu wa mvua. Kapsuli ni ndefu, za rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ukifungua moja utakuta unga unaonuka majani makavu ya chai, wenye ukali wa asidi unaokaa kwenye ulimi muda mrefu. Nilipozimeza kabla ya kula nilipata kiungulia. Nilipohamia kuzimeza katikati ya chakula cha mchana, pamoja na bukari na mboga, kiungulia kikakoma, na utaratibu huo unafaa pia kwa sababu vitamini E na betakarotini huyeyuka katika mafuta, hivyo hufyonzwa vizuri zaidi zinapokutana na mafuta ya chakula.

Lebo ya nyuma, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inastahili kusomwa kuliko picha ya mwanariadha iliyo mbele. Kwa kapsuli mbili za siku inaonyesha miligramu 500 za vitamini C, miligramu 268 za vitamini E, miligramu 15 za betakarotini na mikrogramu 100 za seleni, kisha inataja dondoo la chai ya kijani na dondoo la mbegu za zabibu bila kusema kiasi. Pembeni kuna safu ya asilimia, na wanunuzi wengi huisoma kama alama za mtihani, wakiamini kwamba iliyo kubwa ndiyo bora. Seleni imeandikiwa asilimia 182, vitamini C asilimia 625, na vitamini E asilimia 2,233. Maana yake ni kwamba Umoja wa Ulaya umeweka miligramu 80 za vitamini C na miligramu 12 za vitamini E kuwa rejeo la mahitaji ya mtu mzima kwa siku, na kapsuli hizi zinatoa zaidi ya mara sita ya kiasi cha kwanza na zaidi ya mara 22 ya kile cha pili. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha juu cha vitamini E kuwa miligramu 300 kwa siku kwa mtu mzima. Mtumiaji wa kapsuli hizi anakikaribia kikomo hicho kabla hajagusa karanga wala mawese. Vitamini C, kwa upande wake, haihifadhiwi na mwili kwa wingi, kwa hiyo figo huitoa kwenye mkojo, na kwa kuwa sehemu yake hugeuka kuwa oksalati, mtu aliyewahi kupata mawe ya figo ana sababu ya kutosha ya kujiepusha na dozi kubwa.

Kilichonisumbua zaidi kwenye lebo ni kile ambacho hakikuandikwa. Mwaka 2018 mamlaka hiyohiyo ya Ulaya ilieleza kwamba kiambato kikuu cha chai ya kijani, kikitumiwa katika virutubisho kwa kiasi cha miligramu 800 au zaidi kwa siku, huambatana na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili kwamba ini linaumia. Chai inayonywewa kikombeni haikuwekwa katika onyo hilo. Mtengenezaji anayeweka dondoo lililokolezwa ndani ya kapsuli na kukataa kuandika kiasi chake anamnyima mnunuzi taarifa moja ambayo angeihitaji ili ajilinde, na kwangu hilo peke yake linatosha kuishusha bidhaa daraja.

Wakala aliyeniuzia aliniambia kwa upole na kwa imani iliyoonekana ya kweli: "Mama, hii si dawa, ni chakula. Haina madhara hata ukizidisha." Nimelisikia neno hilo tena na tena kwa wauzaji wengine, na ni kwa ajili yake hasa ninaandika, kwa kuwa katika kila jambo linalosemwa kuhusu kapsuli hizi, hilo ndilo lisilo kweli kabisa, na ndilo linalowafanya watu makini wasiulize maswali.

Dhana iliyozaa biashara hii ina heshima yake. Kila seli inapotumia oksijeni kutengeneza nishati, hutokea chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, ziitwazo radikali huru, ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye mafuta, protini na DNA zilizo jirani. Mwaka 1956 mwanasayansi Mmarekani Denham Harman alipendekeza kwamba kuzeeka ni mrundikano wa madhara hayo, na kutoka hapo ilikuwa rahisi kuwaza kwamba mtu akimeza vitu vinavyozizima radikali huru atachelewa kuzeeka. Lakini mwili hauzisubiri kapsuli. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuondoa mojawapo ya radikali hizo, na leo tunajua kwamba seli zetu zina kikosi kizima cha vimeng'enya vya namna hiyo, ambavyo huongezeka pale vinapohitajika. Vilevile mwili huzitumia radikali huru: chembe nyeupe za damu huua vijidudu kwazo, na misuli huzisoma kama ishara.

Jambo la ishara linatuhusu sisi tunaofanya mazoezi, nami nimelifikiria sana. Misuli inayofanya kazi huzalisha radikali huru kwa wingi, na kwa muda mrefu hilo lilihesabiwa kuwa hasara ya kufidiwa kwa vidonge. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani walitoa matokeo ya utafiti ambamo vijana wa kiume walifanya mazoezi kwa wiki nne, baadhi wakipewa miligramu 1,000 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E kila siku, wengine wakifanya mazoezi bila vitamini hizo. Wale wasiopewa vitamini miili yao ilianza kuitikia insulini vizuri zaidi, faida ambayo humkinga mtu na kisukari cha ukubwani. Wale wa vitamini hawakuipata. Mwaka 2014 Gøran Paulsen na wenzake wa Norway waliwafuatilia vijana wa kike na wa kiume kwa wiki 11 na kukuta kwamba kwa wale waliopewa vitamini C na E, alama zinazoonyesha kuongezeka kwa mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, ndani ya misuli hazikupanda kama kwa wenzao. Haki inataka niseme pia kwamba katika utafiti huo uwezo wa kuvuta oksijeni na wa kukimbia uliongezeka kwa makundi yote mawili. Hata hivyo, hakuna mahali ambapo vitamini ziliwapa watu hao kitu ambacho mazoezi peke yake yalishindwa kutoa. Kuhusu maumivu ya misuli ya siku inayofuata, ambayo wakala aliahidi yatakwisha, mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya kwa pamoja, yaliyokusanya tafiti 50 yalihitimisha kwamba antioksidanti za dozi kubwa hazipunguzi maumivu hayo kwa kiwango ambacho mtu angeweza kukihisi kwa maana.

Nilichokiona mwenyewe kinafanana na hayo. Pumzi yangu iliimarika taratibu, na umbali niliokuwa nikiutembea huku nikihema nikaja kuutembea huku nikizungumza. Lakini akina mama wenzangu wa kikundi, ambao wengi wao hawakumeza kapsuli yoyote, waliimarika vilevile na kwa mwendo uleule. Magoti yangu yanauma kama yalivyokuwa yakiuma baada ya kukimbia juu ya lami. Ngozi ilikauka katika baridi ya Juni na Julai kama inavyokauka kila mwaka, na ikalainika mvua zilipokaribia. Sikupata usingizi bora zaidi wala nguvu za pekee mchana. Mtu mmoja hathibitishi kitu, nami sidai kuthibitisha. Natoa ushuhuda wa mtumiaji aliyefuata maelekezo.

Kwenye swali la kuzeeka vizuri na kuishi muda mrefu, hatuhitaji ushuhuda wa mtu mmoja, kwa kuwa majaribio makubwa yamefanyika. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa katika makundi, baadhi wakipewa miligramu 20 za betakarotini kwa siku kwa matumaini kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yaliwashtua waandaaji wenyewe: waliopewa betakarotini walipata saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Jaribio jingine nchini Marekani, lililowahusisha wavutaji, watu walioacha sigara na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto kazini, na ambamo betakarotini ilitolewa pamoja na vitamini A, lilisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996, kwa kuwa waliopewa vidonge walikuwa wanapata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 28 na kufa zaidi kwa asilimia 17. Kisha likaja jaribio la vitamini E na seleni lililowahusisha wanaume 35,533, na ripoti yake ya mwaka 2011 ilionyesha ongezeko la asilimia 17 la saratani ya tezi dume kwa waliopewa vitamini E ya uniti 400. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 yalikusanya majaribio 78 yenye washiriki 296,707, na hayakuona kwamba antioksidanti za vidonge zinarefusha maisha. Betakarotini na vitamini E zilionekana kuongeza vifo kidogo.

Miligramu 15 za betakarotini zilizo kwenye chupa yangu haziko mbali na zile 20 za Finland. Hakuna hata mstari mmoja kwenye lebo unaomwonya mvuta sigara. Nawafikiria wanaume wa mji huu waliofanya kazi viwandani na migodini miaka mingi, wanaovuta sigara tangu ujana, ambao watoto wao huwanunulia chupa hii kwa upendo, wakitaka kuwaongezea miaka. Mzee wa namna hiyo asipewe kapsuli zenye betakarotini. Kama ameshaanza kuzitumia, aziache, na fedha hizo zimsaidie kuacha sigara.

Kuna hoja nyingine inayouza sana hapa kwetu Katanga, nayo ni ile ya madini. Mawakala husema kwamba kapsuli hizi "huosha damu" ya mtu anayeishi karibu na migodi. Wanaanzia kwenye jambo la kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakishirikiana na wale wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2018 kazi yao kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuzwa kuwa machimbo ya kobalti katikati ya makazi: wakazi wake walikuwa na kobalti nyingi zaidi kwenye damu na mkojo kuliko watu wa eneo la kulinganisha, na kwa watoto tofauti ilikuwa kubwa zaidi, pamoja na dalili za madhara ya oksidisho, yaani yale yanayoletwa na radikali huru, kwenye DNA yao. Utafiti huo ulipima uchafuzi na madhara yake. Haukumpa mtu yeyote kapsuli wala haukuonyesha kwamba vitamini hutoa kobalti mwilini. Kinachompunguzia mtoto kobalti ni kumwondoa kwenye vumbi: kutochimba wala kuosha mawe ndani ya uwanja wa nyumba, kufagia kwa maji, kunawa mikono kabla ya kula, kuosha mboga vizuri, na kuwadai wenye migodi wamwagie maji barabara zao. Kumwambia mzazi wa Kasulo kwamba dola 28 zinatosha kulinda damu ya mwanawe ni kumwondolea hofu ambayo ingemfanya achukue hatua za kweli.

Mama mmoja tunayetembea naye, anayetumia dawa za presha, alishauriwa na wakala aziache kwa muda "ili mwili usafishwe kwanza". Namshukuru Mungu kwamba alituuliza kabla ya kufanya hivyo. Dawa ya presha haiachwi kwa ajili ya kapsuli ya aina yoyote. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini au asipirini ya kila siku, ajue kwamba vitamini E ya dozi kubwa inaweza kuongeza uwezekano wa kutokwa damu, hivyo amwonyeshe daktari wake chupa yenyewe, si kumtajia jina tu. Hata mwenye afya njema na aliyeamua kununua afanye hivyo kwenye farmasi inayotoa risiti, si kwenye meza iliyopigwa jua la mchana, kwa sababu joto huharibu vitamini C haraka, na chupa iliyokaa juani haionyeshi tofauti yoyote kwa macho.

Kwa bei ya chupa hii, soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, linatoa vitu vinavyofanya kazi ileile bila hatari ile. Gramu 100 za pera zina miligramu zaidi ya 200 za vitamini C, yaani pera moja la wastani linatosha siku nzima na kubaki. Lengalenga lililopikwa kwa muda mfupi, papai lililoiva, machungwa, nyanya, karanga na maharagwe vinaleta antioksidanti za aina nyingi kwa kiasi ambacho mwili umezoea kukipokea. Sombe, yaani majani ya mihogo, ni mboga nzuri, ila kwa kuwa ni lazima itwangwe na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, vitamini C yake nyingi hupotea jikoni. Ndiyo maana napenda kuila ikifuatiwa na tunda bichi. Mawese nayo ni hazina, kwa kuwa rangi yake nyekundu inatokana hasa na betakarotini, na ndani yake kuna vitamini E pia. Lakini wapishi wengi huyachoma kwenye sufuria mpaka yatoe moshi na kuwa meupe ndipo waweke kitunguu, na wanapofanya hivyo wanaichoma ile betakarotini. Yaache mawese yawe mekundu: yaweke mwishoni, moto ukiwa umepungua, na mboga itapata harufu nzuri zaidi. Betakarotini ya chakula haikuonekana kuleta madhara yaliyoonekana kwa vidonge, hata katika kundi lile la Finland.

Sitanunua tena chupa hii, na nimewaambia hivyo wote walioniuliza. Kundi moja tu ndilo ninaloweza kulishauri lifikirie vidonge vya antioksidanti, nalo ni la watu wazima waliopimwa na kuambiwa wana uharibifu wa kiwango cha kati kwenye sehemu ya katikati ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, unaoletwa na umri. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilionyesha mwaka 2001 kwamba mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, betakarotini, zinki na shaba ulipunguza kwa asilimia 25 hivi uwezekano wa ugonjwa huo kufikia hatua mbaya, ingawa haukuzuia mtoto wa jicho. Na mwaka 2013 jaribio la pili lilionyesha kwamba luteini na zeazantini, rangi mbili za mimea zilizo jamii moja na betakarotini, zinaweza kuchukua nafasi ya betakarotini, jambo lililowaondolea wavuta sigara hatari niliyoieleza. Mwenye tatizo hilo amwone daktari wa macho kwanza, kisha aende farmasi akiwa na majina ya viambato hivyo kwenye karatasi, kwa sababu katika chupa zote za aina hii nilizozisoma hapa mjini sikuona luteini wala zinki.